Mahali Anapotazama

Kiharusi kilimkuta Mzee Dakika kwenye kiti chake cha kazi, bisibisi mkononi. Kilipomaliza kumpitia kilikuwa kimechukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote aliyokuwa nayo isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "basi".

Jina la Dakika alipewa na wateja wake. Alikuwa fundi saa tangu ujanani, na ukimwuliza saa yako itakuwa tayari lini, alikujibu "dakika tu", hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya wiki nzima. Alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kukuketisha kwenye benchi la duka lake mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Sasa ukimsalimia, anaitikia "basi". Ukimwuliza amelalaje, "basi". Ukimwuliza kama aongezewe uji, anasema "basi", bakuli linaondolewa, naye anabaki akilisindikiza kwa macho hadi jikoni.

Aliyekuwa akiliondoa mara nyingi ni dada yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Alikuja kila asubuhi kukaa naye mpaka binti wa Mzee arudi kutoka kazini. Shangazi alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiojua kupumzika, na kwake yeye, mtu mzima akisema basi, ni basi.

"Mimi simlazimishi mtu," alisema. "Kaka yangu tangu utotoni hakupenda kulazimishwa."

Binti alijaribu kumwelewesha. Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini alikuwa amewaambia wazi kwamba neno lile limekwama tu mdomoni, wasilitegemee. Mgonjwa anaweza kutaka kusema "endelea", kinachotoka kikawa "basi". Huyo huyo mtaalamu ndiye aliyewafundisha namna ya kumlisha. Aliwaeleza kwamba koo la mtu mzima limeshuka chini kuliko la sokwe, na kwamba wengi wanadhani ni kwa ajili ya sauti, ili tuweze kutamka. Ila ndiyo maana sisi hupaliwa kwa urahisi. Kwa hiyo Mzee aketi wima, uji uwe mzito, chai itiwe unga wa kuizidishia uzito, na mtu asimharakishe.

"Kwa hiyo maneno yameondoka," binti aliuliza, "lakini hatari iliyokuja na maneno kaachiwa?"

"Ndiyo hivyo, dada yangu," alijibu mtaalamu. "Mwili haurudishi chenji."

Binti hakuyasahau maneno hayo, kwa sababu mambo ya mifupa ya watu na wanyama ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alikuwa mchongaji wa makumbusho. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ukumbi mkubwa, chumba chenye dirisha refu, meza mbili na harufu ya plasta mbichi. Kwenye rafu kulikuwa na mafuvu, nakala za mafuvu ya kweli yaliyochimbuliwa ardhini. Alichukua nakala moja, akabandika vijiti vifupi vya kumwonyesha unene wa nyama, shavuni, kwenye paji, kidevuni, kisha akajaza udongo taratibu mpaka sura ikajitokeza. Baada ya udongo ilikuja silikoni, baada ya silikoni rangi, na mwisho nywele, zinazochomekwa moja moja kwa sindano. Watoto wa shule waliofika ukumbini walizicheka sanamu zake, halafu wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa ameona kitu kinachofanana na mtu wa kwao.

Mwaka ule alikuwa akitengeneza watu wawili wa kale sana, wa zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mmoja alikuwa mzee aliyeketi chini akichonga jiwe liwe na makali. Wa pili alikuwa msichana aliyechuchumaa kando yake. Vidole vilikuwa tayari, magoti yalikuwa tayari, hata vumbi kwenye nyayo. Kilichobaki ni macho. Fuvu linakwambia tundu la jicho lilikuwa na upana gani, lakini kuhusu jicho lenyewe halisemi kitu.

Mkuu wa kazi ile alikuwa mtafiti wa watu wa kale, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, ambaye makumbusho yote yalimwita Daktari. Alasiri moja alikuja karakanani na visanduku viwili, akavifungua mezani. Kimoja kilikuwa na macho ya kioo yenye rangi ya kahawia iliyokolea kote, ndani na pembeni. Kingine kilikuwa na macho yenye mboni nyeusi na weupe umezizunguka.

"Chagua," alisema Daktari.

"Si wewe ndiye mtafiti?"

"Mtafiti anasema hajui." Alivuta kiti. "Sokwe wengi wana weusi kuzunguka mboni, ingawa wapo wachache wenye weupe pia. Sisi karibu wote ni weupe. Kwa nini, bado watu wanabishana. Wapo wanaosema ni ili mwenzako aone unatazama wapi. Kama unagombania chakula, afadhali ufiche unachokitazama. Sisi tumekuwa viumbe wa kuonyeshana."

"Na hili lilianza lini?"

"Jicho haliachi mfupa, mama. Lilioza na siri yake. Mimi ningeweka haya meusi kote, kwa usalama."

Binti akaweka meusi. Yalikaa sawasawa kwenye matundu yake, yakang'aa vizuri. Hata hivyo, kila alipopita mbele ya wale wawili alihisi kuna kitu hakijakaa, na hakuweza kukitaja. Alirekebisha nyusi, akarudisha. Alisogeza bega la msichana, akalirudisha. Mwishowe alifunga mlango akaenda zake nyumbani.

Jioni hiyo alimlisha baba yake mwenyewe. Walikuwa sebuleni, mzee kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo kifuani. Bakuli lilipofika nusu, Mzee Dakika akasema, "Basi."

Binti alikuwa ameshaanza kuinuka. Labda ni mazungumzo ya Daktari yaliyokuwa bado yanamzunguka kichwani, maana alisita, akamtazama baba yake machoni. Macho yalikuwa kwenye bakuli. Yakapanda kwake, yakashuka tena kwenye bakuli.

"Bado unataka, Baba?"

"Basi," alisema mzee, kwa hasira, huku macho hayabanduki kwenye bakuli.

Akaketi. Akachota kijiko. Mzee akala mpaka kijiko kikakwangua, kisha akatazama dirishani, akatulia. Binti alikaa pale na bakuli tupu mapajani, akihesabu moyoni ni mabakuli mangapi yaliyoondolewa kabla ya wakati wake, akaacha kuhesabu kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja.

Kuanzia hapo alijifunza. Macho yakienda kwenye pazia, jua limemchoma. Yakienda kwenye mguu, soksi imekunjika ndani ya kiatu. Yakienda kwako, yakabaki kwako, hataki kitu, anakutazama tu. Alimweleza Shangazi, lakini Shangazi hakukubali mara moja.

"Macho hayana lugha," alisema Shangazi. "Mtu anaweza kutazama ukuta na asiutake ukuta."

"Jaribu tu, Shangazi."

Shangazi alijaribu kwa namna yake, akawa anamshikia mzee vitu kimoja kimoja mbele ya uso, kitana, gazeti, ndizi, kama mwuza duka, na kumwuliza, "Hiki? Hiki?" Mzee alivumilia. Alipochoka alifumba macho, na hilo Shangazi alilielewa bila kufundishwa.

Aliyekuwa haji ni kaka mdogo wa binti, mtoto wa mwisho wa Mzee Dakika. Huyu alikuwa fundi lifti. Zamani baba yake alimtaka arithi duka, akamkalisha mbele ya saa na kibano, lakini kijana hakuwa na subira ya vitu vidogo. Alivunja springi, akapoteza skrubu, mwisho akakimbilia mashine kubwa. Mzee alimkubali kwa utani. "Mwanangu naye ni fundi saa," aliwaambia wateja, "ila saa zake zinapanda na kushuka na hazijui ni saa ngapi." Siku alipohitimu ufundi alimpa saa ya mkono, ya kujaza kwa ufunguo mdogo wa pembeni, aliyoifungua na kuisafisha mwenyewe kipande kwa kipande.

Baada ya kiharusi kijana alikuja mara nyingi, kisha mara chache, kisha akawa anapiga simu. Alipokuja alisimama mlangoni na kuzungumza na dada yake kwa sauti ya juu, kama mtu aliye kwenye chumba cha wagonjwa wa wengine. Hakuketi. Kila mara alikuwa na jengo fulani ambalo lifti yake imekwama na watu wanamsubiri.

Jumapili moja mchana alifika na mfuko wa machungwa. Shangazi alikuwepo, binti alikuwepo, mzee alikuwa kitini kwake. Kijana aliweka machungwa mezani, akasema, "Shikamoo, Baba."

"Basi," alisema mzee.

Kijana akamgeukia dada yake. Alikuwa amevaa sare ya kazi ingawa ilikuwa Jumapili.

"Dada, nikwambie ukweli?" Sauti yake ilishuka, lakini si vya kutosha. "Mimi naona mnajisumbua. Mnamzungumzisha, mnamsomea gazeti. Yule si Baba. Baba angekuwepo angeshanitania mara tatu tangu niingie."

"Baba yako anasikia," alisema Shangazi.

"Anasikia nini, Shangazi? Nikimwambia nyumba inaungua atasema basi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alijikuna shingo ili asifute. "Nikija hapa naumia, nikiondoka naumia. Bora nisije."

Binti alikuwa ameona kitu. Mzee Dakika alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa mwanawe. Aliutazama, akapandisha macho usoni kwa kijana, akayashusha tena mkononi. Akarudia. Nyusi zake zilikuwa zimesogeleana jinsi zilivyokuwa zikisogeleana dukani mtu alipomletea saa iliyofunguliwa na fundi mwingine.

"Anatazama saa yako," alisema binti.

"Anatazama tu."

"Njoo huku. Keti hapa. Sasa mtazame yeye, usinitazame mimi."

Kijana aliketi kwenye stuli mbele ya baba yake, kwa shingo upande. Mzee akamtazama machoni, kisha akashuka kwenye saa. Kijana akainua mkono taratibu, akausogeza kulia. Macho yakafuata. Akausogeza kushoto. Yakafuata, kisha yakapanda usoni kwake na kumkazia, kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kukemewa na baba yake angeifahamu.

"Saa yangu imekufa, Baba," alisema kijana polepole. "Ina muda mrefu. Naivaa tu."

"Basi," alisema mzee.

"Sasa aliona vipi?" kijana alimwuliza dada yake.

"Mshale wa sekunde hautembei," alisema binti. "Wewe unafikiri angekosa kuona mshale wa sekunde usiotembea? Yeye?"

Mawazo ya mzee yalikuwa yameshaondoka hapo. Macho yake yalikuwa kwenye kabati la pembeni, droo ya chini, ambamo walikuwa wameweka vifaa vyake siku walipolifunga duka. Kijana aliyafuata macho, akaenda akagusa droo ya juu. Mzee hakutazama kwingine. Akagusa ya chini. Mzee akamtazama yeye. Kijana akaifungua.

Walivuta meza ndogo. Binti alitandika kitambaa cheupe kama alivyokuwa akiona kikitandikwa tangu akiwa mdogo, na Shangazi akasogea na kiti chake ili asipitwe. Kijana alivua saa, akailaza kifudifudi. Alichukua kisu cha kufungulia mfuniko. Mzee alikitazama kisu, akatazama ukingo wa saa, mahali fulani. Kijana aliweka ncha ya kisu pale, akasukuma. Mfuniko ukaruka.

Ndani kulikuwa na gurudumu dogo ambalo lilipaswa kwenda mbele na nyuma bila kusimama, nalo lilikuwa limesimama. Kijana alipachika lenzi ya baba yake jichoni. Ilimchukua muda kuliona gurudumu vizuri, maana alizoea kutazama kamba nene za chuma za lifti.

"Sioni kasoro," alisema.

Mzee akatazama vifaa. Kijana akagusa bisibisi, mzee hakuyumba. Akagusa kibano kikubwa. Mzee akafumba macho.

"Si hicho," alinong'ona Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyeijua lugha hiyo siku zote.

Akagusa kibano kidogo, chenye ncha kama ya mwiba. Macho ya mzee yakafunguka, yakaenda kwenye gurudumu, upande wa chini. Kijana akainama. Kila alipoelekeza kibano, aliinua kichwa kumtazama baba yake, akashuka tena. Mzee alitazama gurudumu, akamtazama yeye, akatazama gurudumu. Mkono wake mzima wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Kibano kilipokwenda ndani zaidi akasema, "Basi."

Kijana akasimamisha mkono hewani. "Basi ya kweli au basi ya mdomo?"

Mzee alikuwa amemtazama yeye, macho yamemtoka.

"Ya kweli," alisema kijana, akarudisha kibano nyuma kidogo, akaingia kwa upande mwingine. Safari hii mzee alitazama gurudumu tu, akatulia. Kijana alishika kitu, akakivuta. Kilikuwa uzi, kipande cha uzi mfupi kuliko kope, labda wa shati lake mwenyewe, kilichokuwa kimejisokota kwenye springi nyembamba kama nywele. Kilipotoka, gurudumu likatikisika. Kijana alijaza saa kwa ufunguo wake wa pembeni. Likaanza kwenda.

Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba waliisikia saa. Kijana alikuwa bado na lenzi jichoni, na chini ya lenzi chozi lilikuwa linashuka likitafuta njia kwenye shavu. Mzee Dakika alimtazama, na safari hii macho yake hayakuondoka kwenda popote.

"Kumbe upo," alisema kijana.

Shangazi aliinuka ghafla akasema anaenda kumenya machungwa. Alikaa jikoni muda mrefu kuliko machungwa yalivyohitaji.

Binti naye alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na aibu kidogo ikamshika alipogundua kwamba wakati wote ule, pamoja na furaha iliyomjaa, alikuwa pia akitazama kwa jicho la kazi. Aliwatazama hao wawili na kuona walivyokaa. Mmoja anatazama kitu. Mwingine anamtazama yule mmoja, kisha kitu, kisha tena yule mmoja, kuhakikisha. Hapo ndipo alipolijua kosa la sanamu zake. Alikuwa amemketisha mzee wa kale akitazama mbele, na msichana naye akitazama mbele, kama watu wanaopigwa picha. Walikuwa wameketi karibu, lakini hapakuwa na somo lolote kati yao.

Jumatatu asubuhi alimkata mzee wa kale shingo. Daktari alipoingia karakanani alikuta kichwa kimoja juu ya meza, kingine kimelazwa kwenye taulo, na mchongaji amejaa plasta hadi kwenye viwiko.

"Tulikubaliana wamekwisha," alisema Daktari.

"Walikuwa hawajaanza."

Kazi hiyo ilimchukua siku nyingi. Alimwinamisha mzee kidogo, uso uelekee kwenye mikono yake. Msichana alimgeuza, akamwinua kidevu, ili amtazame mzee usoni. Kisha akamwita Daktari, akamsimamisha mahali ambapo kamba ya wageni ingefungwa. Kwenye matundu kulikuwa bado na macho meusi.

"Msichana anatazama wapi?"

Daktari alivaa miwani. "Mbele yake. Labda mkono wa mzee. Labda jiwe. Labda anasinzia."

"Geuka kwanza."

Daktari aligeuka. Binti alibadilisha macho, kazi ya muda mfupi kwa mikono iliyozoea. "Sasa."

Daktari aligeuka tena, akainama kidogo. Msichana alikuwa anamtazama mzee machoni. Mzee alikuwa anatazama sehemu moja tu ya jiwe, ukingo wa kushoto, mahali ambapo pigo linalofuata lilipaswa kuangukia. Ungeweza kunyoosha kidole ukapaonyesha.

"Unajua huu si ushahidi," alisema Daktari mwishowe.

"Najua."

"Unachonionyesha ni kwamba mimi ni mtu. Mimi ndiye ninayesoma macho. Kuhusu wao bado sijui lolote."

"Kuna mawe," alisema binti. "Wewe ndiye uliyeniambia. Mawe yaliyochongwa kwa namna moja, kizazi baada ya kizazi. Mtu alimfundisha mtu. Kama hawakuwa na maneno kama yetu, walionyeshana vipi?"

"Kwa mikono. Kwa milio. Kwa kukaa karibu na kuiga." Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Na labda kwa macho. Labda, unasikia? Tutaandika kwenye kibao kwamba rangi ya macho yao haijulikani, na kwamba haya ni makisio."

"Andika kwa herufi kubwa, mimi sina neno."

"Na huo weupe uupunguze. Unanipiga usoni kama taa ya gari."

Binti akaupunguza. Alipaka rangi nyembamba ya manjano kidogo, kama macho ya mtu aliyeishi kwenye moshi, akaacha weupe wa kutosha tu kuonyesha jicho limeelekea wapi. Katika kazi zake zote za miaka yote, hakuna aliyoipenda kama ile.

Nyumbani mambo yalienda jinsi yalivyoweza kwenda. Maneno ya Mzee Dakika hayakurudi. Mtaalamu wa matamshi alimfundisha kutoa sauti mbili tatu, nazo zilitoka siku akiwa na nguvu na kupotea siku akiwa amechoka. Lakini mwanawe alikuwa akija sasa. Alikuja na saa za watu. Wafanyakazi wenzake walikuwa na saa zilizokufa kwenye madroo yao, na kila Jumapili alileta moja, wakaifungua pamoja, macho ya mmoja na mikono ya mwingine. Nyingine zilipona, nyingine zilizidi kuharibika. Ikiharibika mzee alifumba macho, na kijana akasema, "Haya nicheke, nicheke tu," na mabega ya mzee yakatikisika bila sauti. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kutania sasa, na ilitosha.

Shangazi alianza kujigamba kwa majirani kwamba yeye ndiye aliyegundua habari ya macho.

Sanamu zilipofunguliwa kwa watu, walimpeleka mzee akazione. Kijana alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, Shangazi akabeba chupa ya chai iliyokorogwa vizuri, binti akatangulia, moyo ukimdunda kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Ukumbi ulikuwa na watu wengi. Daktari aliwapisha mbele kabisa, kwenye kamba, akasema, "Mzee wetu, karibu. Hii ni kazi ya binti yako."

Mzee Dakika aliwatazama wale wawili. Alimtazama mzee wa kale, akalitazama jiwe, akarudi kwa msichana, akashuka tena kwenye jiwe. Kisha akamtafuta binti yake kati ya watu. Alipompata alibaki naye. Alikaa naye muda mrefu, na kile kilichokuwa machoni mwake, binti hakuhitaji mtu wa kumsomea.

"Basi," alisema mzee, taratibu.

"Asante, Baba," alijibu binti.

Watu walisogea, wengine wakaja. Kijana alikuwa akimweleza Daktari kuhusu lifti ya jengo lile, jinsi inavyolia isivyo kawaida, na Shangazi alikuwa akimsahihisha mgeni mmoja aliyesoma kibao vibaya. Mbele yao alisimama mama mmoja kijana, mgeni kabisa, amembeba mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa bado hajaanza kusema. Alikuwa wa umri wa kuota meno. Kichwa chake kilikuwa kimechomoza juu ya bega la mama, na alikuwa anamtazama Mzee Dakika, jinsi watoto wanavyotazama, bila haya na bila haraka. Mzee naye alimtazama.

Kisha mzee akapandisha macho juu.

Mtoto alimtazama mzee kidogo zaidi. Halafu akageuza kichwa, akainua uso, akatafuta huko huko juu, na akaona: shomoro aliyekuwa ameingia kupitia dirisha la juu na kutua kwenye boriti, akijisafisha mabawa juu ya vichwa vya watu wote bila mtu kuwa na habari. Mtoto akafungua mdomo. Akamrudia mzee, akataka kuhakikisha. Mzee alikuwa anamsubiri.

Wakatazama tena juu, wote wawili, na binti aliyesimama kando hakumwita mtu, akainua macho yake naye.